Picha ya Mwimbaji wa Masasi

Mwanamuziki apigwapo picha ya kujitangaza huchagua mwenyewe vazi, ala na namna ya kusimama, kwani picha hiyo yakusudiwa kumwitia wasikilizaji. Katika Masasi ya mwaka 1906 mambo yalikuwa kinyume cha hayo.

Mwaka huo Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig, alitoka Lindi akapanda bara hadi Masasi, kisha Newala. Alichukua kamera, mashine ya sinema na fonografu ya kunasia sauti katika silinda za nta, akifuatana na askari na wapagazi. Nchi ilikuwa bado na majeraha ya Vita vya Maji Maji, na misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa moto mwaka 1905. Yafaa basi kuuliza ni mtu gani, katika hali hiyo, angeweza kumkatalia mgeni wa serikali.

Nje ya boma la Masasi alipigwa picha mwimbaji mmoja kipofu, jina lake Sulila. Picha hiyo ilitokea katika kitabu cha Weule kilichochapishwa Leipzig mwaka 1908, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka London mwaka 1909. Hivyo sura ya mwimbaji ilifika kwa watu ambao hakuwaalika, wala hawakuweza kuja kumsikiliza. Ilimtangaza msafiri aliyeipiga kuliko aliyepigwa. Tena, sauti iliyonaswa katika nta iliweza kurudishiwa mwenyewe papo hapo, bali picha haikuwa na cha kumrudishia kipofu.

Huko kwenye uwanda wa Makonde kamera ilikutana na jambo jingine, yaani mchezaji wa ngoma aliyevaa barakoa na kusimama juu ya mironjo. Kwa desturi ya Wamakonde, aliyemo ndani ya barakoa hatajwi. Kutokujulikana kwake ni sehemu ya sanaa yenyewe, wala si upungufu wa kumbukumbu.

Sulila hakuwa na barakoa, na jina lake liliandikwa. Kwa hiyo mwanachuoni aitazamapo picha yake hana udhuru wa kumwita mfano tu wa kabila fulani. Aliyesimama pale alikuwa msanii mwenye jina, na hadhira yake ilikuwa Masasi.