Nasaba za Watu wa Mafia katika Hati na katika Masimulizi

Mkazi wa Kariakoo ambaye babu zake walivuka bahari kutoka Mafia, akitaka kuijua asili yake, hukuta kwamba karatasi za kisiwa hicho zimegawanyika mahali pawili. Sababu yake ni historia ya utawala. Hadi 1890 Mafia ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka huo ikatiwa katika milki ya Wajerumani. Januari 1915 Waingereza waliiteka, ikasimamiwa kutoka Zanzibar hadi 1922, ndipo ilipounganishwa na Tanganyika. Kwa hiyo habari za zama za Wajerumani hutafutwa katika Nyaraka za Taifa, Upanga, mwendo mfupi kutoka Posta. Hati hizo ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Habari za zama za Sultani hutafutwa Kilimani, Unguja.

Lakini tofauti ya mahali ni ndogo kuliko tofauti ya lugha. Hati ya kadhi au ya serikali humtaja mtu kwa neno bin au binti, yaani kwa jina la baba. Mwanamke akiandikwa, huandikwa kuwa binti wa fulani. Mama yake hatajwi. Msomaji apandaye kwa njia hiyo hupata mlolongo mmoja tu wa wanaume.

Masimulizi ya wenyeji yana mpango mwingine. Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965 na kutoa kitabu chake 1975, alieleza kwamba ardhi huko ilishikwa na jamaa ziitwazo vikao. Mtu huingia katika kikao kwa baba au kwa mama, na huweza kuwa na haki katika vikao kadhaa. Neno lenyewe lastahili kuangaliwa. Nasaba ni neno la Kiarabu, lenye maana ya uzawa. Kikao latokana na kitenzi kukaa. La kwanza lauliza mtu kazaliwa na nani. La pili lauliza pia amekaa na nani. Basi ategemeaye karatasi peke yake hupoteza upande wa kuukeni, na pengine hoja yake ya kudai shamba.

Jambo hili si la Mafia tu. Miongoni mwa Wamaori wa New Zealand, mtu huweza kudai hapu, yaani jamaa yake, kwa baba au kwa mama. Baraza la ardhi lililoundwa huko mwaka 1865 lilisikiliza nasaba zikisomwa kwa kinywa na kuziandika kuwa ushahidi. Vizazi vya baadaye vimezisoma katika madaftari hayo. Mafia, sehemu kubwa ya elimu ya namna hiyo iliachiwa ulimi.

Yako pia mambo ambayo ulimi huyanyamazia. Mashamba ya minazi ya Mafia yalilimwa na watumwa, na mtumwa aliyetajwa katika hati aghalabu alifungamanishwa na bwana wake, si na baba yake. Wajerumani walitangaza kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 ni huru. Utumwa wenyewe ulifutwa Tanganyika mwaka 1922. Mlolongo wa bin ukikatika ghafula kwa babu mmoja, haifai kudhani mara moja kwamba karani alikosea. Huenda hapo ndipo palipokuwa na utumwa, na wazao wake wana haki ya kuulizwa kwa adabu, au kutoulizwa kabisa.

Yampasa mtafiti, basi, aisome kila hati kwa kuuliza iliandikwa kwa ajili ya kodi, mirathi, au hesabu ya watu. Kisha aende kwa mzee na kuandika maneno yale yale ayatamkayo, bila kugeuza kikao kuwa ukoo wala ukoo kuwa kabila. Na swali la kwanza lisiwe jina la babu, kwa kuwa hilo karatasi hulijua. Liwe jina la bibi mzaa mama, na la mama yake huyo.