Mai Zetterling: Kutoka Mbele ya Kamera Hadi Nyuma Yake

Katika filamu ya Flickorna, yaani Wasichana, kuna tukio moja ambalo kila nikilitazama hunichoma. Mchezo wa jukwaani umekwisha. Mwigizaji anawasihi watazamaji wasiondoke kwanza, waongee juu ya yale waliyoyaona. Ukumbi umejaa, lakini hakuna anayefungua kinywa. Filamu hiyo ya mwaka 1968 iliongozwa na Mai Zetterling, mwanamke aliyekuwa ametazamwa na watu kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kusikilizwa.

Alizaliwa Västerås, Uswidi, mwaka 1925, akasomea uigizaji katika jumba la maigizo la kifalme mjini Stockholm. Alipata jina mwaka 1944 katika Hets, filamu ya Alf Sjöberg iliyoandikwa na kijana Ingmar Bergman, akiwa msichana muuza tumbaku anayeteswa na mwalimu katili. Miaka mitatu baadaye Uingereza ilimpokea kupitia Frieda, akiigiza Mjerumani aliyeolewa na rubani Mwingereza. Basi akawa nyota. Akaigiza na Danny Kaye, akaigiza na Peter Sellers, lakini nyingi kati ya nafasi hizo zilihitaji sura yake kuliko akili yake.

Mapema miaka ya 1960 alishika kamera. Alianza na filamu fupi za hali halisi kwa ajili ya BBC, mojawapo ikihusu Wasami wa kaskazini. Mwaka 1963 ikafuata The War Game, ya dakika kama kumi na tano hivi: wavulana wawili wanagombania bastola ya bandia, wanafukuzana hadi juu ya jengo refu, na mchezo unageuka hatari. Maneno karibu hakuna. Tamasha la filamu la Venice likaipa tuzo.

Filamu yake ndefu ya kwanza, Älskande par (1964), ilitokana na riwaya za Agnes von Krusenstjerna, mwandishi aliyeshambuliwa vikali kwa kuandika waziwazi juu ya miili na tamaa za wanawake. Ya pili, Nattlek, ilipofika Venice mwaka 1966 ilionyeshwa faraghani kwa majaji na waandishi wa habari tu. Kule San Francisco, mwigizaji Shirley Temple alijiuzulu katika tamasha la filamu kwa kuipinga.

Kisha ndipo ikaja Flickorna. Wanawake watatu, Bibi Andersson, Harriet Andersson na Gunnel Lindblom, wanazunguka Uswidi wakiigiza Lysistrata, mchezo wa Aristophanes ambamo wake wanawanyima waume zao unyumba mpaka vita viishe. Mijini wanakopita hawaeleweki, na nyumbani kwao vilevile. Wahakiki wengi waliiponda. Simone de Beauvoir aliisifu, na kwa maoni yangu yeye ndiye aliyeona sawasawa: hasira ya filamu hii ina hesabu, na kicheko chake kinauma.

Filamu hiyo ilimgharimu Zetterling sana. Kazi zilipatikana kwingine: sehemu ya wanyanyua vyuma katika filamu ya Olimpiki ya Munich ya 1972, ambamo aliukazia macho upweke wa mtu na chuma chake, kisha Scrubbers (1982), juu ya wasichana walio kizuizini Uingereza. Lakini nyumbani Uswidi hakuongoza tena filamu ndefu ya sinema kwa miaka 18.

Aliporudi mwaka 1986 alirudi na Agnes yuleyule. Amorosa inasimulia maisha ya mwandishi huyo, nayo inaanzia Venice, wakati wa kanivali, Agnes ameshikwa na wazimu katikati ya watu waliovaa barakoa.