Yule mama wa Tom and Jerry ni nani, na alipotelea wapi?

Wadau, kama umekua ukiangalia Tom and Jerry lazima unamkumbuka yule mama asiyeonekana sura. Unaona miguu, soksi na kandambili tu, halafu ufagio unamshukia Tom mgongoni. Wengi tulicheka bila kujiuliza ni nani. Leo tumwangalie kidogo.

Ni nani huyo?

Anajulikana kama Mammy Two Shoes. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1940 katika "Puss Gets the Boot", katuni ya kwanza kabisa ya paka na panya hao, kazi ya William Hanna na Joseph Barbera wa studio ya MGM. Mara ya mwisho ilikuwa 1952. Sauti yake ni ya Lillian Randolph, mwigizaji Mweusi wa Marekani aliyevuma redioni. Katuni zile zilikuja kubeba Oscar 7, lakini jina la huyu mama halikuandikwa.

Tatizo liko wapi?

Kazi za ndani si aibu, kazi ni kazi. Tatizo ni kwamba mtu Mweusi alipewa nafasi ile ile kila siku: mtumishi mnene, mkali, mwenye Kiingereza cha kuvunjika. Au anageuzwa kichekesho. Bomu linalipuka, Tom anatoka na uso mweusi na midomo minene, basi watu wacheke. NAACP, chama kinachotetea haki za Weusi kule Marekani, kilipinga picha za namna hiyo. Na kumbuka waliokuwa wanachora ni karibu wote Wazungu. Floyd Norman, anayetajwa kuwa mchoraji katuni wa kwanza Mweusi pale Disney, aliajiriwa 1956.

Wakafanya nini?

Miaka ya 1960, ili katuni zionyeshwe kwenye TV, baadhi zilichorwa upya. Mama yetu akawa Mzungu, na sauti nyingine juu. Mwaka 1968 United Artists ikazuia kabisa katuni 11 za Warner Bros. zisirushwe, ikiwemo "Coal Black and de Sebben Dwarfs" ya 1943.

Ila si kila mtu alitaka zifichwe. Cartoon Network ilipomweka pembeni Speedy Gonzales, yule panya wa Mexico, mwaka 1999, kuna Walatino waliodai arudishwe, kwa kuwa ndiye shujaa wao, paka hamuwezi. Akarudi 2002. Mwaka 2005 zilitoka DVD ambazo Whoopi Goldberg anaeleza mwanzoni kwamba utani ule ulikuwa makosa, lakini kuuficha ni kujifanya haukuwahi kuwepo.

Maoni yangu

Nakubaliana na Whoopi. Ukimfuta yule mama, unamfuta na Lillian Randolph, ambaye tayari alinyimwa jina lake mara moja. Wale waliomchora hivyo ndio wanaopona, maana ushahidi umepotea.

Ila mtoto wa miaka mitano hajui historia. Yeye anaona tu kwamba uso mweusi ni kichekesho. Kwa hiyo usimwache peke yake na TV. Kaa naye, mcheke pamoja pale panapochekesha, na pale pasipochekesha mwambie kwa nini.

Haya wadau, nyie mnaonaje? Zifichwe au zionyeshwe?