Neno "Uchakavu" katika Sheria ya Kodi

Katika mazungumzo ya kawaida kinachochakaa ni kanzu, mkeka au paa la makuti, na jicho huuona uchakavu wenyewe. Neno hilo hilo limeingia katika nyaraka za kodi, na humo limepewa kazi ambayo jicho haliwezi kuithibitisha. Tangu mwaka 2021, Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, jambo hili si la wahasibu peke yao, maana mfasiri akiteleza mlipakodi ndiye atakayeumia.

Asili ya dhana yenyewe ni Uingereza. Sheria ya huko ya mwaka 1878 iliwaruhusu makamishna wa kodi kumpunguzia mfanyabiashara kiasi walichokiona cha haki, kwa kuwa mashine na mitambo yake ilichakaa katika mwaka ule. Wakati huo neno na jambo vililingana. Lakini hata hilo neno "mitambo" lina kisa chake. Mwaka 1887, katika shauri la Yarmouth dhidi ya France, lililohusu mfanyakazi aliyejeruhiwa na farasi wa mwajiri wake, Jaji Lindley alieleza kwamba neno la Kiingereza tulifasirilo hivyo lakusanya kila chombo cha kuendeshea biashara, kiwe hai au kisiwe hai, mradi si bidhaa ya kuuzwa. Farasi akawamo. Maelezo hayo baadaye yakatumika katika mashauri ya kodi. Je, ni Mswahili gani atakayemwita farasi mtambo? Twaona "vyombo vya kazi" lingefaa zaidi.

Mwaka 1945 Waingereza waliongeza hesabu ya mwisho: chombo kikiuzwa, bei yake hulinganishwa na sehemu ya gharama ambayo bado haijapunguzwa. Tangu hapo kinachopimwa hasa ni mgawanyo wa gharama, wala si uchovu wa chuma. Afrika Mashariki ilikuwa na sheria ya pamoja ya kodi ya mapato ya mwaka 1952, kisha ya 1958. Kenya na Tanzania zikatunga zao mwaka 1973, na Tanzania ikatunga nyingine mwaka 2004.

Natutazame mfano wa Tanzania. Kampuni yanunua lori zito kwa shilingi 80,000,000, nalo ni chombo pekee katika daraja lake, ambalo hupunguzwa asilimia 25 ya salio kila mwaka. Mwaka wa kwanza hupunguzwa 20,000,000, wa pili 15,000,000, wa tatu 11,250,000. Husalia 33,750,000. Mwaka wa nne lori lauzwa kwa 40,000,000. Kinachotozwa kodi ni ile ziada ya 6,250,000 tu. Kwa kiwango cha asilimia 30 kodi ni 1,875,000, na kampuni hubaki na 38,125,000.

Hapa ndipo tafsiri inapoweza kuponza. Fedha za mauzo ya chombo huandikwa mara nyingi "mapato ya mauzo", na kodi yenyewe huitwa "kodi ya mapato". Msomaji asiye mhasibu atayaunganisha maneno hayo mawili, atoze asilimia 30 ya shilingi 40,000,000 nzima, yaani 12,000,000. Tofauti hiyo ya shilingi 10,125,000 imezaliwa na neno moja. Heri tuandike "bei iliyopokelewa", hata kama si istilahi ya kupendeza masikioni.

Kadhalika twalitilia shaka "thamani iliyobaki". Hakuna mtu aliyekwenda kulithamini lori. 33,750,000 ni salio la gharama, na liitwe hivyo. Lori hilo likiuzwa kwa 30,000,000, zile 3,750,000 zilizopungua hukatwa katika faida ya kampuni na kuiokolea kodi ya 1,125,000. Afisa aliyesoma "thamani" atadhani kampuni imeuza kwa hasara ya makusudi, atake maelezo. Aliyesoma "salio la gharama" ataendelea na hesabu. Ama "uchakavu" lenyewe limekwisha kuzoeleka, na hatuoni haja ya kuling'oa, ila kamusi zilieleze kwa maana yake ya kodi, mbali na ile ya mkeka.