Vikundi vya Wamama katika Muji wa Lubumbashi

Katika siku hizi za jubilei, tunapomushukuru Mungu kwa ajili ya wamisionere na mapadri waliojenga Kanisa katika muji wetu, inafaa tuwakumbuke pia wale ambao majina yao hayakuandikwa juu ya mawe ya musingi. Hao ni wamama. Historia ya vikundi vyao inatufundisha jambo moja: kile walichopewa na wakubwa kiliwasaidia kwa muda, lakini kile walichojijengea wao wenyewe ndicho kilichodumu.

Muji huu ulianzishwa katika mwaka wa 1910, kwa jina la Elisabethville. Mwaka ule ule Wabenedikto walifika Katanga, wakiongozwa na Padri Jean-Félix de Hemptinne. Wasalesiani wakafuata katika 1911. Hapo mwanzo ulikuwa muji wa wanaume. Union Minière, iliyozaliwa katika 1906, iliajiri vijana kwa miezi michache, nao waliacha bibi zao vijijini. Lakini kutafuta watu wapya kila mara kulileta garama kubwa, na magonjwa yaliua wengi. Kwa hiyo, kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, kompani ilianza kutoa mukataba wa miaka mitatu, na kuwahimiza wafanyakazi waje na bibi na watoto.

Ndipo zikafunguliwa shule, nyumba za kupimia watoto wachanga, na Foyer Social. Humo masista na wanawake kutoka Ulaya waliwafundisha wamama kushona, kufuma, kupika na kulea watoto. Hatutaki kuzarau kazi ile. Watoto wengi waliishi kwa sababu yake. Lakini foyer haikuwa mali ya wamama. Wao hawakuchagua wakubwa wake wala masomo yake. Mwanamuke alihesabiwa kuwa bibi wa mutu wa kazi tu: posho yake na nyumba yake vilitegemea kazi ya bwana wake. Hata katika 1957, wakati wa uchaguzi wa kwanza wa makomini, ni wanaume tu walioitwa kupiga kura.

Pembeni ya foyer, wamama walijifanyia kazi nyingine. Katika likelemba, kila mumoja hutoa feza sawasawa na wenzake, na jumla yote hupewa mumoja kwa zamu. Wakiwa kumi, kila mumoja akitoa franka 1 000, yule wa zamu atapokea franka 10 000. Hakuna banki, hakuna faida ya kulipa. Ulinzi wake ni uaminifu tu. Penye kilio, wamama hao hao hufika na unga, makala na feza, na kulala juu ya mikeka pamoja na mufiwa. Katika parokia, wamama wakatoliki na Legio ya Maria, iliyozaliwa Dublin katika 1921, waliunganisha desturi hiyo na sala na kutembelea wagonjwa.

Sheria ilikuja polepole. Katiba ya 1967 iliwapa wanawake haki ya kupiga kura. Hata hivyo, Sheria ya Jamaa ya 1987 ilimulazimisha mwanamuke aliyeolewa kupata ruhusa ya bwana wake kwa mambo ya kisheria. Ruhusa hiyo iliondolewa katika 2016.

Kisha yakaja majaribu makubwa. Gécamines, iliyorizi Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Katika 1994 haikufikisha tani 50 000. Mishahara ilikawia miezi mingi. Katika 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliachishwa kazi. Posho ilikuwa imekwisha, na baba wengi walikaa nyumbani kwa haya. Nani alilisha watoto? Wamama waliuza unga, makala, mboga na vitumbua, kwa feza iliyotoka katika likelemba. Na sindano, waliyofundishwa ili wakae vizuri nyumbani, ikawa kazi ya kulisha nyumba nzima.

Basi tusiwatazame wamama kana kwamba ni pambo la sikukuu, wanaocheza wakati wa matoleo na kupika chakula cha wageni. Na ninyi wamama, mujihazari: kitenge cha namna moja ni alama ya umoja, lakini kisiwe mulango wa kumufungia nje mujane asiyeweza kukinunua. Likelemba ilianza kwa maskini, isiwaache maskini. Tunawaomba pia vijana waketi karibu na wamama wazee na kuandika habari zao, kwa maana kila kilio kinabeba kitabu ambacho hakikuandikwa.

Bikira Maria, aliyefanya safari ya milima ili kumusaidia Elizabeti, awaombee wamama wetu wote, walio hai na waliotutangulia.