Jina Chini ya Picha: Vitabu vya Picha na Sanaa kuhusu Pwani ya Mtwara na Bonde la Ruvuma, 1908–2024

Ikisiri

Makala haya yanapitia baadhi ya vitabu vya picha na sanaa vinavyoigusa pwani ya Mtwara, bonde la Ruvuma na majirani zake, na kupendekeza vipi vinastahili kusomwa na kwa jicho gani. Kigezo kinachotumika ni maelezo yaliyoandikwa chini ya picha: nani ametajwa kwa jina, nani ametajwa kwa kabila tu, na kwa lugha ipi.

Utangulizi

Msomaji wa Msimbati au Mikindani anayetaka kuziona sura za mababu zake kitabuni hulazimika kwanza kujua Kijerumani, Kireno au Kiingereza. Picha yenyewe haihitaji tafsiri, lakini maelezo yaliyo chini yake yanaihitaji, na maelezo hayo ndiyo yanayomwambia mtazamaji anamtazama nani.

Kiswahili chenyewe hakijapungukiwa na maneno ya kulisemea jambo hili. Sura na taswira yametoka katika shina moja la Kiarabu. Sanamu nalo limetoka Uarabuni, likiwa limebeba kivuli cha ibada ya masanamu, na kwa muda mrefu lilitumika kwa kitu cha kuchonga na kwa picha ya karatasi pia. Kamusi ya Johnson ya 1939 bado inalipa maana zote mbili. Picha ni mgeni wa karibuni kutoka Kiingereza. Mgeni huyo amemfukuza mwenyeji: leo sanamu imebaki kwa kitu cha kuchonga, na picha imechukua karatasi, turubai na kioo cha simu. Kwa watu wa pwani hii, ambao upande mmoja ni Waislamu wa mwambao na upande wa pili ni majirani wa wachongaji mashuhuri kabisa wa Afrika Mashariki, kutengana kwa maneno hayo kulikuwa na uzito. Picha ya ukutani inaweza kukaa sebuleni bila swali. Sanamu huulizwa imefuata nini.

Leipzig yaja Ruvuma

Kitabu cha kuanzia ni cha Karl Weule, mtaalamu wa ethnografia kutoka Leipzig, aliyezuru kusini mwa koloni la Wajerumani mwaka 1906. Alikusudia kwenda Kondoa-Irangi. Machafuko ya huko yakamgeuza kuelekea Lindi, Masasi, Newala na ukingo wa Ruvuma, nchi ambayo yenyewe ilikuwa imetoka tu kupondwa katika vita vya Majimaji. Alibeba kamera, mashine ya kunasia sauti katika mitungi ya nta, na mashine ya picha zinazotembea, chombo ambacho watu wengi wa Ulaya wenyewe walikuwa hawajakizoea. Mwaka 1908 alichapisha Negerleben in Ostafrika, jina ambalo leo halitamkiki bila karaha. Mwaka uliofuata kilitoka kwa Kiingereza, Native Life in East Africa, kikiwa kimetafsiriwa na Alice Werner, yuleyule ambaye baadaye alifundisha Kiswahili na lugha za Kibantu katika chuo cha taaluma za Mashariki cha London.

Picha za Weule ni nyingi na ni safi. Ziangaliwe kwa tahadhari. Alikuja na dola nyuma yake, katika wilaya ambayo askari walikuwa bado wanaogopwa, na hilo huonekana katika mabega ya waliosimamishwa mbele ya kamera. Maelezo chini ya picha hizo kwa kawaida hufuata kanuni moja: machifu kama Matola na Nakaam wana majina, wengi wa waliobaki ni mwanamke wa Kiyao, kijana wa Kimakua, wanawake wa Kimakonde. Mtu amegeuzwa kielelezo cha kabila lake. Wala si kwamba majina hayakujulikana, kwa maana Weule aliishi na watu hao kwa wiki nyingi na aliongea na baadhi yao kila siku.

Ushahidi wa hilo umo ndani ya kitabu chenyewe. Weule aliwagawia watu karatasi na penseli akawaomba wachore watakacho. Michoro hiyo ameichapisha, na hapo ghafla majina yanafurika: huu ni wa Salim Matola, huu ni wa Pesa Mbili, mnyapara wa wapagazi wake kutoka Unyamwezi, ambaye alichora hata ramani ya njia ya misafara. Kwa hiyo katika jalada moja zimo kanuni mbili. Aliyepigwa picha mara nyingi hana jina, aliyechora anatajwa. Mjerumani huyu alitambua, labda bila kukusudia, kwamba mchoro una mwenyewe, ila hakuvuka hatua moja zaidi akaona kwamba na uso una mwenyewe vilevile.

Hiyo ndiyo sababu ya kukipendekeza kitabu cha 1908, hata katika orodha ya vitabu vya sanaa ya leo. Msomaji aanze na michoro, kisha ndipo azirudie picha. Michoro ya Pesa Mbili na wenzake ni miongoni mwa kazi za mapema za karatasi na penseli kutoka sehemu hizi ambazo wachoraji wake wanajulikana. Historia ya uchoraji wa kisasa wa Tanzania imezoea kuanzia kwa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki 1972. Wapagazi wa 1906 wanastahili angalau ukurasa wa mwanzo.

Ng'ambo ya mto

Kusini mwa Ruvuma mambo yalikwenda kwa Kireno. Jorge Dias na mkewe Margot Dias waliongoza utafiti katika uwanda wa Mueda kuanzia mwaka 1957, wakapiga picha na filamu, na kazi yao, Os Macondes de Moçambique, ilianza kutoka Lisbon mwaka 1964. Ni kazi ya kina kuhusu ufinyanzi, uchongaji, chale na ngoma za mapiko, na mchongaji yeyote wa Mtwara atafaidika kwa kuzitazama tu picha zake.

Lakini Dias huyohuyo aliiandikia serikali ya Ureno ripoti za siri kuhusu hali ya kisiasa ya watu aliokuwa akiwasoma. Tarehe 16 Juni 1960 watu waliokusanyika Mueda walipigwa risasi. Septemba 1964, mwaka uleule wa juzuu ya kwanza, FRELIMO ilianza vita vya ukombozi huko Cabo Delgado, na Mtwara ikawa njia ya wakimbizi na wapiganaji. Kitabu kinawaonyesha Wamakonde kama jamii iliyotulia katika mila zake, wakati maelfu yao walikuwa wamekwisha kuvuka mto kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Kisomwe pamoja na historia hiyo au kisisomwe.

Majina ya Kiswahili ya vinyago vya Kimakonde

Wahamiaji hao ndio waliokuja kukibadilisha kinyago. Dar es Salaam, katika miaka ya 1950, wachongaji waliotoka Msumbiji walikutana na wafanyabiashara, maarufu kati yao Mohamed Peera, na mitindo mipya ikazaliwa. Samaki Likankoa anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani. Roberto Yakobo Sangwani ndiye wa mnara wa watu waliobebana, ambao awali uliitwa kwa Kimakonde dimoongo.

Hapa pana jambo ambalo wanahistoria wa sanaa hulipita haraka na ambalo kwa wanaisimu ni kiini. Dimoongo, lenye maana ya nguvu, likawa ujamaa. Mbali ya ujamaa yapo shetani na mawingu. Msamiati wa sanaa ya Kimakonde inayouzwa duniani ni wa Kiswahili. Majina hayo hayakuletwa kutoka Mueda wala Newala. Yalipatikana sokoni, katika lugha ambayo mchongaji, mnunuzi wa Kihindi na serikali mpya waliielewa pamoja. Mnara uleule wa mpingo uliokuwa ukisifu nguvu za mwili ukaanza kusomwa kama hoja ya kisiasa. Je, mchongaji alibadilika, au ni jina tu? Zachary Kingdon, katika A Host of Devils (2002), analijibu swali hilo kwa uangalifu kuliko yeyote, kwa kuwa alikaa na wachongaji na kujifunza kuchonga, na anawaacha waongee kwa majina yao. Kati ya vitabu vyote vinavyotajwa hapa, hicho ndicho cha kununuliwa kwanza. Cha J. Anthony Stout, Modern Makonde Sculpture (1966), kina thamani ya utangulizi wake kihistoria, zaidi ya hoja zake.

George Lilanga, aliyezaliwa kusini mwaka 1934 na kufariki 2005, alilipeleka jambo hili mbele zaidi. Kutoka kinyago alihamia kwenye picha za rangi akiwa Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, na mashetani wake wenye masikio mapana walihama pamoja naye. Mara nyingi alizipa picha zake majina marefu ya Kiswahili, sentensi nzima zenye masimango na vichekesho vya mtaani. Katalogi za Ulaya huzifupisha au huzitafsiri nusunusu. Anayeisoma katalogi ya Lilanga na asome Kiswahili chake, la sivyo ameona rangi tu.

Vitabu vya karne hii

Vitabu vipya kuhusu picha za mwambao vimeinua kiwango. Heike Behrend, katika Contesting Visibility (2013), anafuatilia mvutano kati ya picha na stara kwenye pwani ya Kenya, wakiwemo wapiga picha wa kivuko cha Likoni. World on the Horizon (2018), kilichohaririwa na Prita Meier na Allyson Purpura, ni kitabu cha maonyesho ya sanaa za Waswahili katika Bahari ya Hindi, na ni kizuri kushika mkononi. The Surface of Things (2024), cha Meier peke yake, kinahoji kwamba picha katika nyumba za Waswahili ilikuwa kwanza kitu, pambo lenye uso wa kung'aa, kabla ya kuwa sura ya mtu. Na hakifichi kwamba wengi waliopigwa picha, hasa wanawake waliokuwa watumwa, hawakuulizwa.

Hoja hiyo ni ya nguvu, ila ramani yake imeelemea kaskazini. Zanzibar, Mombasa na Lamu zimetosheka. Mikindani, mji wa majahazi ambako Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866, haujapata kitabu cha namna hiyo, wala ghuba za mashariki yake. Ghuba ya Mnazi imepigwa picha kwa sababu nyingine: matumbawe na mikoko, tangu ilipotangazwa mwaka 2000 Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na mitambo, kwa kuwa gesi iligunduliwa hapo mwaka 1982. Katika picha za aina hizo mvuvi huwa kipimo cha ukubwa wa kitu kingine. Maandamano ya Mtwara ya Desemba 2012 na ghasia za Mei 2013 kuhusu bomba la gesi zilipigwa picha za magazetini, na gazeti hufungia maandazi kesho yake.

Katalogi kama shahidi

Haja ya jina na maelezo haiishii katika heshima. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kilikuja kununuliwa na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, bila kujulikana kuwa ni cha wizi, hadi mwaka 1990 mtaalamu wa Italia, Enrico Castelli, alipokitambua. Kiliweza kutambuliwa kwa sababu kilikuwa kimekwisha kuonwa na kusajiliwa mahali fulani. Kinyago kilichotoka kijijini bila picha wala maandishi kingekosa shahidi. Majadiliano ya kukirudisha yalichukua miaka ishirini mingine, na makubaliano ya kukikabidhi Tanzania yalitiwa saini Paris mwezi Mei 2010.