Kizazi na Kibanja: Uzazi wa Majira katika Nchi ya Wahaya

Katika nchi ya Wahaya, tangu Bukoba mjini hata vilima vya Kamachumu huko Muleba, migomba hurithiwa pamoja na kibanja, yaani shamba lizungukalo nyumba, na kibanja hurithiwa na mwana, hata nyumba isiyojaaliwa mtoto ikahesabiwa kuwa nyumba iliyozimika moto. Kwa sababu hiyo, hofu iliyowashika watu zama za Waingereza haikuwa ya kuzaa kwa wingi bali ya kutozaa kabisa, maana kaswende iliharibu mimba, na kisonono kiliacha makovu katika mirija ya uzazi, yai likakosa njia. Na faraja ya penisilini haikupatikana ila baada ya Vita Kuu ya Pili.

Kumbukumbu ya msiba huo ilikuwa ingali mbichi pale UMATI, chama kilichoasisiwa mwaka 1959, kilipoeneza elimu ya uzazi wa majira, na mwaka 1974 huduma zake zilipoingizwa katika kliniki za serikali za mama na mtoto. Mwanamke aliambiwa ameze kidonge asichukue mimba, hali bibi yake alikesha akiililia mimba hiyo hiyo! Akiuliza kama dawa haitamfunga kizazi, mimi siwezi kuliita swali lake ujinga, kwani amelirithi.

Lakini jawabu lake ni wazi. Kidonge huzuia yai lisipevuke, na kikiachwa uwezo wa kuzaa hurejea upesi. Sindano ya miezi mitatu ndiyo hukawiza, hata ikapita miezi kama kumi tangu ile ya mwisho, wala haiachi kovu. Katika wanawake 100 wasiotumia kinga yoyote, wapatao 85 hushika mimba ndani ya mwaka; kwa kidonge, jinsi kinavyotumiwa na watu wenye shughuli na usahaulifu, ni kama 7; kwa kijiti cha mkononi, kisichohitaji kukumbukwa, hata mmoja ni nadra.

Kanisa Katoliki, lenye mizizi Kashozi tangu mwaka 1892, lilishika njia ya kuhesabu siku. Kisha mwaka 1983 UKIMWI ukabainika Kagera, na kondomu, iliyo dhaifu kuliko kijiti katika kuzuia mimba, ikatafutwa kwa kunusuru roho. Na kwa mara ya pili maradhi ya zinaa yakawalazimisha wazee wa Bukoba na Muleba kuyanena barazani mambo ya chumbani.